Kadi za Mkono Zenye Sehemu Zinazosogea na Karatasi za Tabaka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kadi inayosogea huharibika mara chache kwa sababu ya mchoro mbaya. Mara nyingi kinachoiharibu ni nafasi ya nusu milimita iliyosahauliwa, au tone la gundi lililopenya mahali pasipotakiwa. Ndiyo maana ukurasa huu umejaa vipimo. Isipotajwa vingine, vipimo ni vya kadi ya A6: unachukua karatasi ya A5 (mm 148 kwa 210), unaikunja katikati, unapata kadi ya mm 105 kwa 148.

Sijawahi kutengeneza hata moja. Nianze na ipi?

Anza na gurudumu, yaani duara la karatasi linalozunguka nyuma ya dirisha. Lina sehemu mbili tu na mhimili mmoja, na ukikosea unakata duara jingine bila kupoteza kadi nzima. Ukishaliweza, nenda kwenye ulimi wa kuvuta, yaani ukanda wa karatasi unaovutwa ili picha isogee. Kadi ya mlango yenye matabaka iache iwe ya tatu. Wengi huanza na ile inayosimama ikifunguliwa kwa sababu inavutia macho, lakini hiyo haimfundishi mtu kukata mwanya wala kuacha nafasi, na mambo hayo mawili ndiyo yanayohitajika kwingine kote.

Nitumie karatasi gani?

Kwa mwili wa kadi na kwa sehemu zinazosogea, tafuta karatasi ngumu ya gramu 220 hadi 300 kwa mita ya mraba. Ya gramu 250 ina unene wa karibu mm 0.3, na hesabu zetu zote zinaifuata hiyo. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 haifai kwa ulimi, maana itajikunja ndani mara ya tatu utakapoivuta. Inafaa kwa mapambo ya juu na kwa kufanyia jaribio la kwanza.

Manila za madukani hutofautiana sana. Njia rahisi ya kuzipima ni hii: kata kipande cha sm 2 kwa 15, kishike ncha moja kikiwa kimelala sawa hewani. Ncha ya pili ikianguka kabisa, hiyo ni ya mapambo. Ikiinama kidogo tu, inafaa kwa ulimi. Ukipata nyembamba tupu, gandisha mbili pamoja na uzibane chini ya vitabu usiku kucha, ila nyuzi zake zielekee upande mmoja, la sivyo itapinda kama kigae.

Boksi la biskuti au la dawa ya meno ni hazina. Ni gumu, upande wa ndani hauna rangi, na huteleza vizuri. Tumia kwa reli (vipande vinavyouongoza ulimi), vigingi (vipande vinavyounganisha ulimi na picha) na magurudumu yanayofichwa. Ubao wa boksi lenye mawimbi ndani una unene wa karibu mm 3 na unafaa kuinulia matabaka, lakini kingo zake zisionekane.

Nyuzi za karatasi ni nini, na kwa nini mkunjo wangu unapasuka?

Karatasi ya kiwandani ina nyuzi zilizolala zaidi upande mmoja. Ukikunja kufuata nyuzi, mkunjo hutoka safi. Ukikunja kuzikata, rangi hupasuka na ukingo huota manyoya. Kujua mwelekeo, pinda karatasi taratibu bila kuikunja, kwanza kwa upana, kisha kwa urefu. Upande unaopindika kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi.

Kanuni ni mbili. Mkunjo mkuu wa kadi ufuate nyuzi. Na ulimi wa kuvuta ukatwe nyuzi zikienda kwa urefu wake, kwa sababu hivyo hausinyai unaposukumwa kurudi ndani.

Usikunje kabla ya kuchora mfuo. Chukua kalamu ya wino iliyokwisha, weka rula, pitisha mara mbili kwa kukandamiza, juu ya gazeti lililokunjwa au daftari. Mfuo unatakiwa uiminye karatasi, usiikate. Kisha kunja ukielekea mbali na mfuo, ili kibonde kibaki nje ya mkunjo. Watu wengi hufanya kinyume, na ndipo karatasi nene inapopasuka.

Vifaa vya lazima ni vipi?

Kisu cha kukatia karatasi chenye wembe unaovunjwa, rula ya chuma (ya plastiki huliwa na wembe na kukupa mistari ya kupinda), penseli ngumu, bikari, mkasi mdogo, sindano nene, kalamu iliyokwisha wino, na kitu cha kukatia juu yake. Kama huna mkeka wa kukatia, ubao wa boksi nene unatosha, ila ugeuze mara kwa mara. Wembe ukifuata mkato wa zamani huhama njia.

Vunja ncha ya wembe mara tu unapoona karatasi inavutwa badala ya kukatika. Wembe butu hulazimisha mkono kukandamiza, na mkono unaokandamiza ndio unaoteleza. Pita mara tatu kidogo kidogo kuliko mara moja kwa nguvu. Kwa mkasi, zungusha karatasi na uache mkasi mahali pake. Duara litatoka bila pembe.

Gundi ipi inafaa?

Gundi nyeupe ya mbao, kidogo sana, ikipakwa kwa kijiti au kipande cha kadi. Paka utando ambao ukiutazama bado unaona karatasi chini yake. Ikichuruzika pembeni unapobana, umepaka nyingi. Ina maji, kwa hiyo karatasi kubwa lazima ibanwe chini ya kitu kizito angalau nusu saa.

Gundi ya fimbo inatosha kwa mapambo mepesi, lakini kwenye joto hukauka na kuachia, kwa hiyo usiitegemee kwenye reli. Gundi ya papo hapo huacha ukungu mweupe na hugumisha karatasi hadi ikavunjika. Gundi ya moto ya bunduki huacha vinundu vinavyozidi unene wa kadi yenyewe. Gundi ya unga wa ngano inashika vizuri, ila inaita mende na wadudu wengine wa karatasi. Kama kadi itakaa kabatini, iache.

Selotepu ya pande mbili ni nzuri mno kwa reli kwa sababu haina maji na haichuruziki. Tatizo lake ni kwamba ukikosea hakuna kusogeza.

Ulimi wa kuvuta unatengenezwaje?

Tuchukue kadi ya Idi: ukivuta ulimi juu, mwezi mwandamo unapanda kutoka nyuma ya mapaa ya nyumba. Ina sehemu tano: uso (karatasi ya mm 105 kwa 148), ulimi, reli mbili, kigingi, na mwezi wenyewe. Kadi iliyokunjwa ndiyo mgongo. Uso unagandishwa juu ya ukurasa wake wa mbele, mitambo ikiwa katikati, na ndani ya kadi panabaki safi pa kuandikia.

Kwenye uso, kata mwanya wima katikati: upana mm 6, urefu mm 55, ukianzia mm 35 kutoka ukingo wa juu. Toboa ncha zote mbili kwa panchi ndogo au sindano nene kabla ya kukata. Ncha ya mviringo haichaniki. Ya pembe huanza kuchanika siku ya kwanza.

Ulimi una urefu wa mm 150 na upana wa mm 25. Chini kabisa uache kichwa kipana cha mm 35, chenye kimo cha mm 12. Juu, mm 15 za mwisho nazo ziwe na upana wa mm 35. Hicho ndicho kishikio. Kichwa cha chini kinazuia ulimi usitoke wote, na kishikio kinazuia usizame ndani.

Reli ni vipande viwili vya mm 10 kwa 75. Kila kimoja kiwe na tabaka mbili za karatasi, ili reli ziwe nene kuliko ulimi na mgongo usiuminye. Geuza uso, gandisha reli kuanzia ukingo wa juu kushuka, moja kila upande wa mwanya, zikiachana mm 26. Kati ya mm 25 za ulimi na mm 26 za njia kuna nusu milimita kila upande. Hiyo nusu milimita usiidharau.

Laza ulimi katikati ya reli, ukiwa umeshuka hadi mwisho. Kata vipande viwili vya mm 5 kwa 5, vigandishe kimoja juu ya kingine: hicho ni kigingi. Kipake gundi upande mmoja, kipitishe kwenye mwanya kutokea mbele, kikae juu ya ulimi mm 1 kabla ya mwisho wa chini wa mwanya. Subiri ikauke kabisa. Halafu weka gundi juu ya kigingi, kwa ncha ya sindano, na gandisha mwezi. Kwa kuwa kigingi kina unene wa mm 0.6 na uso una mm 0.3, mwezi unaelea juu ya uso bila kuukwaruza.

Hesabu inavyokaa: mwanya mm 55, toa kigingi mm 5, mwendo unaowezekana ni mm 50. Kichwa cha ulimi kinagonga reli baada ya mm 48. Yaani kinachosimamisha mwendo ni kichwa, na kigingi hakigongi mwisho wa mwanya. Ukiacha kigingi kiwe ndicho kizuizi, kitang'oka, maana kila anayepewa kadi huvuta kwa nguvu mara ya kwanza.

Mwisho, paka gundi kwenye reli na kwenye kingo tatu za uso, ukiacha wazi sehemu ya juu ambamo ulimi unapita, na ugandishe kwenye kadi. Mapaa ya nyumba yakatwe kwenye karatasi nyeusi, yainuliwe mm 2, yaanzie mm 70 kutoka juu ili mwezi ujifiche nyuma yake. Paka ulimi rangi ileile ya anga kabla ya kuuweka. Mwezi ukipanda, sehemu ya mwanya inayobaki wazi haitaonekana.

Ulimi umekwama. Tatizo ni nini?

Jibu hutegemea umekwama vipi.

Kama hausogei hata kidogo, gundi imepenya. Pitisha kipande cha plastiki ngumu (kifuniko cha daftari kinatosha) kati ya ulimi na mgongo, ukisukuma polepole. Mara nyingine huachia. Ili isitokee tena, weka ukanda wa mfuko wa nailoni juu ya ulimi wakati gundi inakauka, kisha uuvute utoke.

Kama unasogea nusu ya njia kisha unabana, reli haziko sambamba. Zipime juu na chini. Tofauti ya mm 1 inatosha kukwamisha. Hapa hakuna dawa zaidi ya kufungua.

Kama unakwenda kwa mikwaruzo, kingo za mkato zina manyoya. Sugua ulimi kwa msasa laini sana au upande wa nyuma wa kucha, kisha paka nta ya mshumaa pande zote mbili, au usugue risasi ya penseli. Nta iwekwe baada ya kigingi kushikamana, kwa kuwa gundi nyeupe haishiki juu ya nta.

Na kama jana ulikuwa laini na leo unabana, soma swali la unyevu hapa chini.

Gurudumu lenye dirisha: picha ngapi zinaingia?

Hapa ndipo watu wengi hukosea hesabu. Chukua gurudumu la kipenyo cha mm 90, dirisha la mraba la mm 25, na katikati ya dirisha iwe mm 28 kutoka kwenye mhimili. Ukipima mzingo pale katikati ya dirisha unapata karibu mm 176, unagawanya kwa 30 (mm 25 za dirisha na mm 5 za kuachanisha), unasema picha tano zinaingia. Ukizungusha, pembe za chini za dirisha zinaonyesha vipande vya picha jirani.

Sababu ni kwamba gurudumu hubana kadiri unavyokaribia mhimili. Ukingo wa ndani wa dirisha uko mm 15.5 tu kutoka katikati, na pale mraba wa mm 25 unakula karibu digrii 78. Picha tano zinagawana digrii 72 kila moja, hazitoshi. Kwa dirisha la mraba weka nne. Ukitaka sita, kata dirisha la duara la kipenyo kilekile: linakula digrii 53, na sita zinagawana 60.

Ili kidole kipate pa kushika, weka mhimili mm 40 kutoka ukingo wa kulia wa kadi. Gurudumu lenye nusu kipenyo cha mm 45 litachungulia nje mm 5. Usilichoree picha kwanza. Lifunge kwenye mhimili, lizungushe, na uweke alama za penseli kupitia dirishani. Ndipo ulifungue na kuchora.

Sina pini zenye miguu inayofunguka. Mhimili nitaufanyaje?

Uzi mnene wa kushonea viatu. Toboa kwa sindano, piga fundo, pitisha, piga fundo la pili huku umeweka vipande viwili vya karatasi kati ya tabaka kama nafasi, kisha vitoe. Weka tone la gundi juu ya kila fundo. Magurudumu ya karatasi katika kitabu cha falaki cha Petrus Apianus, kilichochapwa Ingolstadt huko Ujerumani mwaka 1540, yalifungwa kwa uzi pia.

Njia ya pili ni waya mwembamba wa shaba kutoka kwenye nyaya za umeme chakavu. Zungusha ncha kama koili bapa ya mm 4, pitisha mguu kwenye tundu, zungusha koili nyingine upande wa pili. Lothar Meggendorfer wa Munich, fundi mkubwa wa picha zinazosogea katika karne ya 19, alitumia koili za namna hii, na ulimi mmoja wake uliweza kusogeza viungo kadhaa kwa pamoja. Koili ni bapa, kwa hiyo kadi hufungika vizuri. Hakikisha ncha ya waya imeingia ndani, isichome mtu.

Ya tatu ni karatasi tupu: duara la mm 8 linapita kwenye tundu la mm 9, na duara la mm 16 linagandishwa juu na jingine chini. Inakwenda polepole lakini haina chuma, na kwa kadi ya mtoto mdogo ndiyo tunayoipendelea.

Nataka jahazi liyumbe juu ya mawimbi.

Huu ni wenzo. Kata jahazi likiwa na mkia unaoshuka chini ya maji. Mhimili mkuu uwe kwenye mkia, uliofichwa na tabaka la mawimbi. Mm 12 chini ya mhimili huo, unganisha ulimi unaovutwa kutoka upande wa kulia. Ncha ya mlingoti ikiwa mm 60 juu ya mhimili, ulimi ukisogea mm 6 tu, ncha husogea karibu mm 30. Ndiyo uzuri wa wenzo, na ndiyo hatari yake: kosa la mm 1 chini linakuwa mm 5 juu.

Tundu la kuunganishia ulimi lirefushe kidogo kwenda juu na chini, mm 2 hivi, kwa sababu mkia huzunguka ilhali ulimi unakwenda sawa. Likiwa duara kamili na uzi umekazwa, jahazi litagoma mwishoni mwa kila mvuto.

Nataka tu kitu kiteleze kadi ikiinamishwa, bila ulimi.

Tumia washa mbili za bolti kutoka duka la vifaa vya ujenzi, zenye kipenyo cha mm 18 hadi 22. Kata mwanya wa mm 7, weka kigingi cha sponji ya gundi pande mbili, kilichokatwa duara la mm 5, ndani ya mwanya; gandisha washa moja mbele na nyingine nyuma. Picha inakaa juu ya washa ya mbele. Uzito ndio unaovuta, kwa hiyo usijaribu na kadi tupu. Pembeni mwa sponji paka poda kidogo, vinginevyo itajigandisha kwenye kingo za mwanya.

Mlango wa Zanzibar kwa matabaka unafanywaje hadi ufunguke?

Matabaka manne. La chini kabisa ni salamu au picha itakayoonekana mlango ukifunguka. La pili ni mbao mbili za mlango. La tatu ni fremu. La nne ni nakshi ya juu ya fremu na kizingiti cha juu.

Mbao mbili usizikate peke yake kisha ukazigandisha. Zikate ndani ya karatasi ya mm 105 kwa 148: mkato juu, mkato chini, mkato wima katikati, na pembeni mfuo tu. Uwazi wote ni mm 60 kwa 90, kila ubao mm 30. Bawaba ya mfuo haing'oki. Mkato wa katikati uupanue kwa kupunguza nusu milimita kila ubao, ili zisipandane.

Mfaa, ule mwimo wa katikati wenye nakshi, uwe na upana wa mm 8 na ugandishwe kwenye ubao mmoja tu: mm 4 zimeshika, mm 4 zinaning'inia juu ya ubao wa pili. Ukipaka gundi pande zote mbili umefunga mlango moja kwa moja. Mlango wa kweli hufunguka kwa ndani, lakini wa kadi hufunguka kwa nje, kwa hiyo ubao wenye mfaa ndio utakaotangulia.

Fremu ikiinuliwa mm 2, usiifanye iishie pale pale kwenye mfuo. Irudishe nyuma mm 4 kila upande. Isiporudishwa, ubao utafika digrii 90 na kugonga ukingo wa fremu. Anayefungua ataulazimisha, na mfuo utachanika.

Njumu, zile pini za shaba za mlangoni, zifanye kutoka nyuma. Laza ubao uso ukiwa chini juu ya taulo iliyokunjwa, bonyeza kwa kalamu iliyokwisha wino au kichwa cha pini, safu kwa safu, kila baada ya mm 8. Ukigeuza utaona vinundu vilivyopandwa sawasawa. Viguse kwa rangi ya dhahabu kwa ncha ya kidole. Fanya hivi kabla ya kugandisha mfaa.

Nakshi ya minyororo na maua kata kwenye karatasi nyembamba ya gramu 120 hadi 160. Nene itakuchosha na kona zitachanika. Anza na matundu madogo ya ndani, malizia na ukingo wa nje, kwa sababu ukingo ukiondoka kwanza karatasi haina tena pa kushikwa. Kwa mara ya kwanza chagua kizingiti kilichonyooka, cha mtindo wa milango ya zamani zaidi. Cha tao kinadai mikato ya mviringo inayolingana katika matabaka yote.

Matabaka mangapi yanaingia kwenye bahasha?

Hesabu kabla ya kukata. Matabaka manne ya mm 0.3 ni mm 1.2. Nafasi tatu za mm 3 ni mm 9. Jumla mm 10.2, bahasha ya kawaida ya C6 (mm 114 kwa 162) haifungiki. Nafasi zikiwa mm 1, jumla ni mm 4.2, inaingia. Nafasi ya mm 1 unaipata kwa kugandisha vipande vitatu vya kadi pamoja, au viwili vya boksi la biskuti.

Kwa posta, weka kipande cha boksi mbele ya kadi ndani ya bahasha, na uipeleke kaunta ipimwe. Ulimi usukumwe ndani hadi mwisho na kishikio kibanwe kwa ukanda wa karatasi, wala si kwa selotepu inayong'oa rangi.

Kitu kinachosimama kadi ikifunguliwa hutokeza nje ikifungwa. Kwa nini?

Kwa sababu kina na kimo chake vikijumlishwa vinazidi ukurasa. Sanduku linalosimama mbele ya mkunjo kwa mm 40 na lenye kimo cha mm 70 litafika mm 110 kadi ikifungwa. Ukurasa wa mm 105 hauwezi kulificha. Jumla isizidi mm 95, ubaki na mm 10 za usalama.

Ukikata sanduku moja kwa moja kwenye mkunjo kwa mikato miwili sambamba, kina na kimo vinalingana. Kwa hiyo mkato usipite mm 47.

Majani makavu ya mgomba, kitenge na batiki vinaweza kutumika?

Vinaweza, kama tabaka la juu lisilosogea. Ganda kavu la mgomba lifute vumbi, lipige pasi ya moto wa wastani juu ya kitambaa, ligandishe kwa gundi nyeupe na ulibane usiku kucha. Lina rangi za kahawia ambazo hakuna manila inayozitoa, na kwa mlango wa mbao hakuna bora zaidi. Lakini hupasuka likikunjwa, kwa hiyo likatie pale mfuo unapopita. Kitenge kigandishe kwanza kwenye karatasi nyembamba, ndipo ukate. Kikikatwa kikiwa kitupu hufumuka.

Naishi pwani. Kadi zangu hupinda.

Karatasi hunyonya unyevu na kupanuka, zaidi kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu wake. Ulimi ulioachiwa nusu milimita hukwama siku za mvua. Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, acha mm 0.75 hadi 1 kila upande. Karatasi mpya itoe kwenye nailoni, uiache chumba unachofanyia kazi siku nzima kabla ya kupima. Kadi zilizokwisha ziweke zikiwa zimelala, ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko, na vile vifuko vya kukaushia vinavyokuja na viatu.

Naweza kuchapa picha kwa printa?

Ndiyo, lakini printa nyingi za nyumbani hukwama na karatasi ya gramu 300. Chapa kwenye nyembamba, ugandishe juu ya nene. Wino wa maji huchuruzika ukikutana na gundi nyeupe, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye chakavu. Wino wa printa ya leza haumwagiki, ila hupasuka kwenye mkunjo.

Darasani na watoto je?

Gurudumu, manila, uzi, mkasi usio na ncha. Matundu na madirisha akate mtu mzima mapema. Kwa walio chini ya miaka 3, usitumie pini wala washa.

Nina oda ya kadi 50 za harusi. Nipange vipi?

Tengeneza moja kwanza na uifungue na kuifunga mara 50. Kitakachoachia kwenye hiyo kitaachia kwenye zote. Kisha kata vipimo vyako kwenye boksi gumu viwe violezo, na uandike juu yake upande wa nyuzi. Fanya hatua moja kwa kadi zote kabla ya kwenda inayofuata: mifuo yote, mianya yote, reli zote. Kata nyuso 55 badala ya 50. Ulimi utengeneze 60, maana ndio unaoharibika zaidi. Badilisha wembe kabla ya kuanza mianya.

Ujumbe uandikwe lini?

Kabla ya kugandisha uso kwenye kadi. Ukiandika baadaye, kalamu inapita juu ya reli na ulimi vilivyo chini yake, mwandiko unaruka, na mkandamizo wa mkono unaweza kuubana ulimi uliokuwa ukiteleza vizuri. Kama mteja ataandika mwenyewe, weka kipande cha karatasi nyembamba cha mm 95 kwa 130 kilichokatwa tayari. Aandike humo, kisha akigandishe ndani kwa gundi ya fimbo kwenye kona nne tu.